Namba ya Mama Mchungaji

Ninyi mliozaliwa hapa Lozells, mtaa huu wa Birmingham, ninyi ambao mimi Koko, bibi yenu, nikiwasemesha Kiswahili mnanijibu Kiingereza, kaeni chini. Wekeni hizo simu. Nina kosa langu la kuwaambia, na sitalisema mara mbili.

Siku yenyewe naikumbuka kama asubuhi ya leo. Mjukuu wangu Neema, anayeshona nguo za vitenge na kuziuza kwa kompyuta, alikuwa amepata oda ya sare za kwaya. Wamama kumi na mmoja, watu wetu wa Fizi kule Kongo, wakimbizi wenzetu waliopelekwa Amerika wakati sisi tunaletwa Birmingham. Neema akaniambia, "Koko, kule kodi ya mauzo si moja kama hapa. Kila mji una yake. Naiingiza kwenye programu ya duka kwa namba ya posta. Waulize wale mama, kila mmoja anipe namba ya kwake."

Nikasema sawa. Sikuuliza mtu. Miaka yote mizigo ya watu wetu kule tuliituma kwa Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wao, naye akawagawia Jumapili kanisani. Namba yake ya posta imo kichwani mwangu kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa, ambayo hata hivyo ni ya kubuni, tulipewa kambini. Basi nikaiandika hiyo moja mbele ya majina yote kumi na moja. Si ni kanisa moja? Mazoea yana taabu, mwanangu.

Bili zikaenda. Kesho yake Riziki, mjane mmoja wa kwaya ile, akapiga simu.

"Neema, mimi nimehamia mji wa Mama Mchungaji lini? Nimeolewa tena na sikualikwa?"

Tukacheka. Yeye akaacha kucheka kabla yetu, akanisemesha mimi. "Mama, bili yenu inanitoza kodi ya mji wa watu. Wenzangu wanasema huyo mtoto ni mwizi."

Neema hakunishuku hata kidogo. "Nimekosea mimi, mama. Nitarekebisha." Siku mbili akawa anaifungua programu ile na kuifunga, anatafuta kosa lililokuwa kwenye karatasi yangu. Ugali anaugusa tu. Siku ya tatu akasema anawarudishia oda yao na kulifuta jimbo lao lote la Amerika dukani kwake, asiuze tena huko, kwa maana jina lake likishachafuka kwa watu wetu, atamshonea nani? Na mimi nipo pale pale, namenya viazi. Mtu mzima kukiri kosa mbele ya mtoto ni kumeza mfupa.

Ndipo nikamkumbuka shangazi yangu. Nikiwa msichana tulishuka na mawese sokoni. Watu wa karibu na soko walitozwa ushuru mdogo, sisi wa mlimani mkubwa. Nikamwambia mtoza ushuru mimi ni wa pale pale. Shangazi akanishika sikio soko zima likitazama: "Huyu ni wa mlimani. Mwandikie mlima wake!" Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Leo umekana kwenu. Siku ukipotea, tukutafute wapi?" Nilinuna hadi nyumbani. Vita vilipokuja kututawanya, neno lile nilitembea nalo mipaka mitatu.

Nikaweka kisu chini.

"Neema, kosa ni langu. Namba ile ni ya Mama Mchungaji. Sikuuliza mtu."

"Koko!"

"Kasirika. Ukimaliza, tupige simu." Mficha uchi hazai.

Tukawapigia wote, mmoja mmoja. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo linanisisimua mwili. Neema anaandika tarakimu tano tu, mashine inajibu: jimbo hili, wilaya hii, mji huu, kila kimoja na kodi yake. Riziki na dada yake, naye wa kwaya ile, wametenganishwa na daraja tu, na mashine inalijua daraja! Mimi kijiji changu hakikuwa na namba. Barua ilifika kwa jina la mtu na la kanisa, au haikufika. Na hawa niliolala nao hema moja, niliodhani dunia imewameza, kila mmoja ana mahali panapomjua, na kodi ya shati atakalonunua inatengeneza barabara ya mlangoni kwake. Nikavua miwani. Nikasema, "Mungu wangu, kumbe hatukupotea."

Riziki alipopata bili mpya akasema, "Haya, mmenirudisha kwangu. Sasa shoneni, na kiuno msinibane."

Basi sikia, mwanangu. Usimfunge mtu furushi moja na wenzake kwa kuwa umechoka kuuliza. Kila mtu atoe kodi pale anapoishi, asitozwe kwa wengine. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtoto wa watu hajaivaa aibu yako. Mungu awape mahali, ninyi nyote, na mahali hapo pawajue kwa jina.

Jioni ile ya zile simu niliwaita wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaamuru: hakuna mtu wa nyumba hii atakayeandika anwani ya mwenzake kabla hajamwuliza mwenyewe, "Leo unaishi wapi?"