Chuma Chenye Nilichomea Ordinatere ya Yaya

Ile miaka yenye kazi ilianguka, Likasi ilikuwa na njaa mupaka panya ilikuwa inapiga hodi, inaona sahani zetu, inatuachia kitu kidogo. Minye nilikuwa sudere, nachomea bantu milango ya chuma. Yaya yangu mwanamuke alikuwa na ordinatere, ile mashini ya kompyuta, ya pekee mu kartie yetu. Alikuwa anaandikiya bantu barua na mialiko ya ndoa, banamulipa.

Ndani ya ile ordinatere mulikuwa kazi ya mwisho ya masomo ya binti yake. Bila ile, hapana diplome. Baprofesere balikuwa mu greve kila mara, banakatala kufundisha, masomo ya miaka mitatu alifanya mitano. Alibakisha siku ine apeleke kazi.

Njo virisi, ugonjwa ya ordinatere, ikaingia mu mugini. Ilikuwa inatembea mu disketi za bantu. Ku soko ilikula ordinatere ya muntu, banasema ilikula na kalendrie ya ku ukuta.

Yaya akatuita, minye na bwana mumoja wa Lubumbashi, muuzaji wa programe.

"Mama, iko njia mbili," bwana akasema. "Ao unaweka programe ndani, inalinda sawa sentinele, inanusa kila disketi. Ao unaweka kitu cha inje, cha chuma, kinafunga mulango."

Nikamuuliza, "Ile sentinele yako inaingilia wapi?"

"Mu disketi."

"Ee! Mwizi na sentinele banapita mulango moya?"

Yaya akacheka. Ile kicheko njo ilinipa kichwa kikubwa.

"Weye muchomaji wa madirisha," bwana akasema, "unayua nini ya ordinatere?"

"Ninayua milango, papa! Kama ningechomea gereza ya Buluo, hata mbu haingetoka."

Yaya akachagula chuma. Chuma unakiona, unakigusa. Programe, nani aliionaka?

Binti akatosha disketi mu sakoshi. "Tonton, acha kwanza nifanye kopi ya kazi yangu."

"Disketi? Ile njo mulango ya mwizi! Rudisha!"

Alikuwa mutoto wa heshima. Akarudisha.

Sasa, siye basudere ya Likasi hatufungue kitu vipande. Gari, lori, tunachomea palepale yenye iko. Nikatia pense ya masi, ile koleo ya kurudisha umeme, ku kiuno cha ordinatere, nikaweka kipande cha chuma mbele ya kinywa cha disketi, nikawasha. Moto ukaruka, minye nikaimba. Nikafanya soudire, mushono ya chuma, nzuri, laini, kuliko zote za maisha yangu.

Yaya akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

Bwana wa Lubumbashi akafunga sakoshi yake. Hakucheka. "Ulipitisha kuriyani, umeme ya kuchomea, mu mwili yake muzima," akasema. "Ndani mote mulikufa."

Binti akakala chini na karatasi, akaandika na mukono siku ine zote. Haikutosha, bakamwambia arudilie mwaka. Mwaka wenye ulifuata yaya hakukuwa tena na ordinatere ya kulipia masomo.

Leo yule binti anauzisha samaki ya ziwa Tshangalele ku soko. Nikipita, anasimama. "Tonton, jambo! Mwili iko muzuri?" Ananichagulia samaki kubwa, anakatala franka zangu.

Yote ninasemaka, nusu ni uongo, bantu bananiyua. Hii hadithi moya sikuongeza kitu. Nakula ile samaki, na kila mara naombaka siku moya anitukane.