Matairi Membamba ya Mama Salome

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya magari ya kutengenezea barabara mjini Dodoma, nilivaa shati jeupe na viatu vilivyong'aa. Nilikuwa na stashahada ya ufundi mitambo, ya kwanza katika ukoo wetu kule kijijini Sepuka, Singida, na nilitaka watu wajue. Msimamizi wa Karakana aliisoma karatasi yangu, kisha akanikabidhi ndoo ya mafuta machafu.

"Na hii nayo isome," akasema.

Sikununa. Baada ya miaka michache niliweza kufungua giaboksi macho yakiwa yamefumbwa. Msimamizi huyo ndiye aliyenifundisha kununua gari kuukuu. "Likute baridi," alisema. "Ukikuta boneti ina moto, muuzaji ameliwasha mapema ili usisikie linavyohangaika." Alinifundisha pia kugonga chesisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hujibu kama debe la pumba.

Nikaenda Maskati. Huko, chini ya Meneja wa Warsha, nilitengeneza magari ya kupanda vilima vya mchanga. Tuliyainua kwa springi ndefu na kuyavalisha matairi mapana, yanayoelea mchangani. Niliporudi Singida nilifungua gereji mtaa wa Utemini kwa jasho langu. Hakuna aliyenipa hata spana. Wapenzi wa magari ya zamani ya porini walinifuata kutoka Arusha, na kila mmoja aliondoka akicheka.

Lakini mwenyewe nilitamani gari moja tu: landrova ya marehemu mume wa Mama Salome, mkunga mstaafu wa Sepuka. Ndilo gari la kwanza nililopanda maishani.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia uani kwake.

"Marahaba, baba. Najua umefuata gari. Kuna mtu wa Arusha naye analitaka, anakuja Jumamosi. Mume wangu alinivusha mbuga ile ya udongo mweusi kila masika kwenda kuzalisha. Lifufue, univushe. Ukiweza, nakuuzia wewe. Ukikwama, namuuzia yeye."

Nilicheka moyoni. Nilifumua injini, nikabadilisha pete za pistoni, nikaliinua, nikalivalisha matairi mapana kama ya Maskati. Magurudumu yake matano ya zamani, membamba, nilimwachia uani. Kuku wakayageuza viota.

Alhamisi mvua ilikuwa imenyesha. Mama Salome alihitaji kigoda ili apande. Wakulima na wachungaji walisimama ukingoni kutazama. Niliingia mbugani kwa mbwembwe, nikipiga honi. Hatua hamsini hazikufika: udongo mweusi ukajaza meno ya matairi, gari likateleza ubavu, likakaa.

"Fundi," mchungaji mmoja akaita, "tulete ng'ombe, au stashahada itavuta?"

Mama Salome alicheka hadi akafuta machozi. "Mchangani unaelea, mwanangu. Mbuga unaikata. Tairi jembamba linazama mpaka ardhi ngumu, linashika. Hukuniuliza."

"Nipe siku moja, mama."

"Nitakupa. Lakini kwanza waambie hawa kwamba umekosea. Kwa sauti."

Vijana mnaonisikiliza, nimewahi kubeba injini mgongoni. Neno lile lilikuwa zito zaidi. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

"Nimekosea!" nikapaza sauti. Walipiga makofi, wakanitoa kwa ng'ombe wanne.

Ijumaa nilirudi na matairi membamba mapya kutoka mjini. Nilifukuza kuku, nikasugua kutu kwenye rimu, nikavalisha manne. Nilirudisha na springi za zamani, Mama Salome akapanda bila kigoda. Tulivuka polepole kwa gia ya chini, matope yakifika kwenye ekseli, yeye akinielekeza kwa kidole alipopita mumewe. Ng'ambo alinipa mkono. "Gari lako," akasema.

Sasa nimestaafu. Gereji ipo, stashahada ipo ukutani, na sijui fundi mkoa huu asiyekiri kwamba nilikuwa fundi namba moja. Lile neno "nimekosea" nimelisema mara moja tu. Landrova inanipeleka kanisani kila Jumapili, bila tairi la akiba. Gurudumu la tano Mama Salome alilizuia, kwa kuwa tetea alikuwa ameatamia mayai ndani yake. "Akiangua, uje ulichukue," aliniambia. Tangu hapo nimekwenda mara nyingi. Kila nikifika, namkuta tetea mwingine.