Mzee Kimotho Akalia Mpaka

Nyakerario hupima mashamba hapa Chepilat, na mdomo wake ni mkali kama panga la kupogoa chai. Jana alisimamisha fimbo ya GPS kwenye jiwe la mpaka wa mzee Kimotho. Mzee akachungulia skrini, akaona tarakimu za mwisho zikichezacheza.

"Madam, ona! Gichana anasogeza mpaka hata sasa!"

"Jirani yako yuko sokoni, mzee. Mashine inaongea na setilaiti. Hata mwinuko kutoka usawa wa bahari unacheza. Ama pia anainua shamba?"

Kimotho akaketi juu ya jiwe, akaing'ang'ania fimbo. Nyakerario akachoka, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Tarakimu zikatulia.

"Umeona sasa?" akasema Kimotho.

Leo asubuhi amerudi kulikalia jiwe. Gichana, alipoona hivyo, amekalia la upande wa pili.