Mwanga wa Kufika Mchangani

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa Lushoto kwamba matumbawe ni mawe ya baharini. Sikudanganya kwa makusudi. Mwalimu wangu alinifundisha hivyo, naye bahari alikuwa hajawahi kuiona. Siku nilipoambiwa kwenye semina kwamba ni wanyama, tena wadogo na wengi, waliojijengea nyumba za chokaa wakashikana, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilifikiria wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu na jiwe langu kichwani. Nikaapa kwamba sistaafu mpaka darasa langu la mwisho liyaone yakiwa hai.

Hoteli moja ya njia ya Soni ilipofungwa, niliomba tangi lao la kioo. Lilikuwa na kina kirefu mno. Nikiingiza mkono, kwapa lilikuwa linalowa kabla vidole havijagusa mchanga. Kituo kimoja cha mambo ya bahari huko Tanga kikakubali kutupa vipande sita vya matumbawe waliyoyakuza wenyewe, pamoja na chumvi ya kuchanganya na vibali vyote. Sharti lilikuwa moja tu. Mtaalamu wao, kijana mpole mwenye miwani, angerudi mwisho wa muhula, na akiyakuta yanakufa angeyachukua yote.

"Mwalimu, usinielewe vibaya," alisema. "Hata shule za pwani zimeshindwa."

Hapo akawa amenichokoza. Mimi ukiniambia jambo haliwezekani, umenipa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa taa. Ndani ya mwili wa tumbawe mnaishi vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Mwanga ukikosekana, vinatoka. Tumbawe linageuka jeupe, kisha linakufa kwa njaa. Tulianza na taa ndefu za darasani, na mwanga wake ukaishia juu juu. Baada ya wiki mbili tumbawe la chini kabisa, lililokaa mchangani, likaanza kupauka.

Nikateremka Soni kwa muuza vifaa vya umeme. Akanionyesha taa kubwa ya uwanjani. "Mama, ukiwasha hii unamulikia harusi nzima," akasema. Ilikuwa kali kweli, macho yaliuma. Nikaamini macho yangu, na huo ulikuwa ujinga. Tulichopata ni maji ya moto na mwani wa kijani uliotanda kwenye kioo mpaka darasa zima likachubuka mikono kwa kuusugua. Chini hali ilikuwa ile ile.

Nikaacha kuuliza wauzaji, nikakaa na vitabu. Kumbe maji huumeza mwanga mwekundu mapema, na wa bluu ndio unaosafiri mpaka chini. Kumbe tena taa ya tangi refu hutakiwa iwe na lenzi za pembe nyembamba, zinazousukuma mwanga ushuke wima badala ya kuuacha utawanyike ukutani. Niliagiza taa hiyo Dar es Salaam, ikaja kwa basi, nami nikaifungua mbele ya wanafunzi kwa mbwembwe zote.

Sasa, sisi ni watu wa ukungu. Jua likikosekana wiki nzima kisha likachomoza, hakuna anayesubiri. Magodoro, maharage, blanketi, kila kitu kinatolewa nje kwa pamoja. Nami nikafanya hivyo hivyo. Niliiwasha taa ile mpaka mwisho, kutwa nzima, nikifurahi kwamba hatimaye chini kuna mwanga. Siku ya tatu tumbawe la juu kabisa lilikuwa limeungua, nyama inachunika na kuelea. Wanafunzi waliniangalia. Nilijichukia.

Jumamosi nilikwenda kwa mama yangu kuchukua miche ya kabichi. Nilimkuta kwenye kitalu, ameinama juu ya kile kichanja chake kilichoezekwa majani makavu ya mgomba. Alitoa jani moja, akaliweka pembeni, akaanza kuondoka.

"Mama, si uyatoe yote tumalize?" nikamwambia.

"Niyatoe yote iungue?" Alinitazama kama mtoto wa darasa la kwanza. "Leo moja. Keshokutwa lingine. We mwalimu gani usiyejua kitalu?"

Kitalu nilikijua tangu ninatambaa. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi.

Jumatatu tulikata vipande kumi vya wavu wa dirishani. Chandarua nilikikataa, kwa kuwa kina dawa. Tukavipanga kimoja juu ya kingine kwenye mfuniko wa kioo, chini ya taa, na kila baada ya siku nne tukatoa kimoja. Mkuu wa shule alipita akauliza kama tunaanika dagaa. Nilimjibu aje mwisho wa muhula. Tumbawe lililoungua halikupona, na nililitoa mwenyewe. Lakini kipande cha sita kilipoondoka, lile la mchangani lilianza kurudisha rangi ya kahawia, kwanza pembeni, kisha katikati.

Mtaalamu alifika siku ya mvua. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye buti la gari lake, lililokuwa wazi. Ndani yake mlikuwa na ndoo sita zenye mifuniko.

Alishusha kipima mwanga mpaka mchangani, akasoma, akasoma tena. Kisha akahesabu. "Moja liko wapi?"

"Nililiua mimi," nikasema, darasa zima likisikia. "Nililipa mwanga wote kwa mara moja."

Aliandika. Halafu akamgeukia binti mmoja wa kijiji cha Mnazi, ambaye ilikuwa zamu yake ya kulisha, akaelekeza kidole karibu na maji. "Hii ni nini?"

"Ni wanyama," alijibu, wala hakunitazama. "Tafadhali toa mkono, kaka, wanakula."

Nililia pale pale mbele yao, na sikujificha. Kijana aliutoa mkono wake. Alikaa akiyatazama mpaka chakula kikaisha, kisha akatoka, akafunga buti, akateremka na ndoo zake tupu.