Siku Niliyotaka Aonekane Mgonjwa

Asubuhi ya kwenda kwenye jopo la madaktari, mume wangu alinyoa ndevu, akapiga pasi shati lake la kanisani, akalivaa. Nilimtazama alivyopendeza, nikaingiwa na hofu. Nilitaka aonekane mgonjwa.

Kifafa kilimwanza ukubwani, tukiwa tumeshahamia Mbagala. Alikuwa anaendesha mashine kwenye kiwanda kimoja Mikocheni. Siku alipoanguka karibu kabisa na mashine ikiwa inazunguka, wakamwambia akapumzike nyumbani. Mwenzake wa kazini ndiye aliyetueleza kwamba mtu aliyechangia hifadhi ya jamii, akishindwa kazi kwa maradhi, anaweza kupewa pensheni ya ulemavu, mradi madaktari wakubali kwamba hawezi kazi tena.

"Mie mlemavu?" mume wangu aliuliza. "Mikono ninayo, miguu ninayo."

Hilo ndilo lililonitisha. Kifafa hakionekani mpaka kije. Dawa alikuwa anameza, na bado kilikuja. Kikimaliza, yeye hakumbuki kitu. Anazinduka amechoka, ananiuliza kwa nini amelala chini. Aliyeona yote ni mimi.

Mkubwa wa jopo alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alisoma faili, akamuuliza maswali, naye akajibu vizuri, tena kwa tabasamu, kama mtu anayeomba kazi.

"Mbona unaonekana uko vizuri tu, baba?"

"Namshukuru Mungu, dokta. Siku nyingi huwa niko sawa."

Wakimwona mzima, atarudi kwenye ile mashine. Nikajikuta naomba kimoyomoyo kifafa kimwangushe palepale, mbele yao. Kisha nikaogopa kwamba nimeomba hivyo.

Daktari akanigeukia. "Mama, wewe ndiye unayeishi naye. Niambie unachokiona."

Nikaanza na yale madogo: macho yanavyopinduka, povu, ulimi aliojing'ata, suruali anayoilowesha. Nilikuwa namwangalia daktari tu, nisimwangalie mume wangu.

"Kuna siku aliumiza mtu?"

Nikaushika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Alianguka uani amembeba mwanetu," nikasema. "Mtoto alikuwa chini ya kifua chake. Hata kulia alishindwa, kwa uzito. Nilimsukuma baba yake nikashindwa, basi nikamvuta mtoto miguu mpaka akatoka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi."

"Lini?" Aliyeuliza hakuwa daktari. Mume wangu alikuwa amenigeukia kitini. Mie nilikuwa nimemwambia kwamba siku ile alianguka peke yake, mtoto akiwa kwa jirani.

"Kabla ya Pasaka."

Akatazama mikono yake, akaiweka katikati ya magoti. Maswali yaliyofuata aliyajibu kwa sauti ambayo daktari alilazimika kuinama ili aisikie.

Tulipotoka nje akasema, "Ungeniambia."

"Ungeacha kumbeba."

"Ndiyo. Ningeacha."

Majibu yalipokuja, jopo lilikuwa limekubali. Niliyapokea kwa machozi, lakini nyumbani mambo yalikuwa yameshabadilika. Mtoto akimtambalia, baba yake alikuwa anainuka na kutoka nje. Mtoto analia mlangoni, yeye amesimama uani amempa mgongo. Nilianza kuogopa ukimya wake kuliko hata kifafa chenyewe.

Jioni moja, bila mtu kumwambia, alitandika mkeka sebuleni, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu na kupanga mito kila upande.

"Mlete," akasema. "Ila usiondoke."

Nikampakatisha mtoto. Mikono ya baba yake ilikuwa inatetemeka, na mimi sikujua kama ni woga wake au ndio kifafa kinaanza. Nilikaa nikimkodolea macho, mkono wangu umeshika gauni la mtoto. Mtoto akamshika baba yake masikio, akacheka.

Hadi leo wanakaa hivyo mkekani, na mimi huwa siwaachi.