Maua ya Meza za Hoteli

Sifa zote ni kwa Mungu wetu, aliyenivusha miaka ya njaa akaniachia pumzi ya kukusimulia haya.

Mwanangu, nakumbuka siku baba alipokataa kung'oa maua. Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu Kathiani. Juu ya mlima palikuwa na hoteli kubwa ya mawe, iliyojengwa kwa sababu ya reli. Wageni walishuka stesheni kule chini kwenye joto, gari la hoteli likawapandisha kwenye baridi, wakala katika meza zenye maua. Maua hayo yalikuwa yetu. Kwa ajili ya maua hayo baba aliacha kupanda mahindi na ndengu katika shamba la chini, lile lenye unyevu hata jua likiwaka. Chakula tulinunua sokoni Mitaboni.

Kisha treni ikaanza kupita stesheni yetu bila kusimama. Hoteli ikafunga vyumba. Baba akaendelea kumwagilia maua.

Mawingu ya Novemba yalipokusanyika, susu, mama yake baba, alishuka shambani na jembe na kiondo cha mbegu. Akamtaka ang'oe, wapande siku hiyo hiyo. Baba akasema msimamizi wa hoteli amemhakikishia kwamba treni itasimama tena kabla ya Krismasi.

"Mutua," susu akamwambia, "nimezika watoto wawili kwa njaa. Hakuna aliyeniomba ua."

"Mama, ngoja kidogo tu."

"Mimi nitangoja. Na mvua je?"

Mvua ilinyesha juu ya maua, ikakatika mapema. Njaa ilipoingia, susu aliwamegea wadogo zangu chakula chake, akisema meno yake yamechoka. Alifariki kabla ya Pasaka. Kutoka kaburini, baba alikwenda moja kwa moja shambani akang'oa maua yote kwa mikono, katika udongo mkavu. Nimeomba miaka mingi nisimhukumu, na Mungu amenisaidia.

Sikuambii uwachukie wageni, mwanangu. Wengi huku wamesomeshwa kwa fedha zao. Lakini anayewaleta anaweza kuacha kuwaleta, wala hatakuja kukuuliza. Kwa ardhi yako yenye maji, walishe kwanza watoto wako. Wageni wape kinachobaki.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie mvua kwa wakati wake, na mezani pako pasikose chakula wala mtu wa kula nawe. Amina.