Mlango wa Bafu katika Chumba cha Tatu

Kabla ya kikundi chetu cha watu wenye ulemavu kwenda kukaa siku tatu katika hoteli moja karibu na msitu, upande wa Isecheno, nilitumwa mimi kuikagua. Hakuna aliyeshangaa. Natumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, na kazi yangu ni kutengeneza viti vya wenzangu hapo Shirere. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua vilivyoharibika na kusoma vitabu kuukuu vya ujenzi, na humo nikapata tabia ya kutoamini neno la mtu mahali ambapo tepu ya kupimia inaweza kujibu.

Nilipima kila kitu. Rampu ya kuingilia ilikuwa ndefu ya kutosha, mtu angeipanda kwa mikono yake bila kusukumwa. Milango ya vyumba ilikuwa na upana wa sentimita tisini, ya bafu themanini na tano. Vitanda vilikuwa na kimo sawa na kiti. Bafuni kulikuwa na vyuma vya kushikilia na benchi la kuogea lililojengwa ukutani. Meneja, mwanamke mpole wa makamo, alinifungulia kila mlango na kuushikilia mpaka nikapita. Niliandika vipimo vyote kwenye daftari, nikarudi kuwaambia wenzangu kwamba hoteli inatufaa.

Aliyenisikiliza kwa makini kuliko wote alikuwa mama mmoja mkulima wa mahindi kutoka Lugari. Miaka minne kabla ya hapo alianguka kutoka kwenye trela la trekta, na miguu yake ikaishiwa nguvu. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Bafuni, mtu anaingia na kiti chake?"

Nikasema ndiyo.

"Na anaoga peke yake?"

Nikamsomea daftari, vyuma na benchi, nikasema ndiyo.

Sababu ya maswali hayo niliijua siku tuliyofika, tukinywa chai kibarazani wakati mvua ya alasiri inaisha. Tulikuwa watu saba. Mama alikaa kati yangu na mzee wetu kutoka Mumias, mstaafu wa kiwanda cha sukari, ambaye haoni. Alitueleza kwamba kitinda mimba wake amepata nafasi ya chuo cha ualimu, naye ameshaiahirisha mara moja kwa sababu ndiye anayemwogesha mama yake kila asubuhi.

"Wake za wanangu wapo," alisema. "Watanipikia, watanifulia, sikatai. Lakini mke wa mwanangu hataniona uchi. Hiyo hapana."

"Kwa hivyo msichana anakungoja wewe," mzee alisema.

"Ananingoja. Ijumaa lazima ajibu chuo. Ndiyo maana nimekuja hapa, nijue kama naweza."

Ilikuwa Jumatano. Alimaliza chai, akaenda chumbani kwake, chumba cha tatu. Baada ya muda mfupi nikasikia ananiita.

"Fundi! Kuja uone hesabu yako."

Nilimkuta bafuni. Kiti kilikuwa kimeingia bila kugusa popote, kama nilivyoandika. Lakini mlango ulifungukia ndani, na sasa ulikuwa umebanwa kati ya ukuta na gurudumu lake. Ili ufungwe, kiti kilipaswa kutoka kwanza.

"Kuoga wazi ningeoga tu nyumbani," alisema. Hakupaza sauti.

Mzee alikuwa amenifuata, akipapasa ukuta kwa fimbo. Nilimweleza hali ilivyo.

"Kwani ulipima huo mlango ukiwa vipi?" aliuliza.

"Ukiwa wazi."

"Na nani alikuwa ameushika?"

"Meneja."

"Aaa. Basi ulipima meneja."

Mama alicheka, nami nikacheka, ingawa masikio yalinichoma. Mwenzetu mmoja alisimama mlangoni na magongo yake, akashauri tutundike leso.

"Leso ninayo nyumbani," mama alisema. "Nimeoganga nyuma ya leso miaka minne, na msichana ndiye huishika."

Usiku ule nilirudia daftari langu ukurasa kwa ukurasa nikitafuta kosa lilipoanzia. Halikuwa la hesabu. Maisha yangu yote swali langu kuhusu mlango limekuwa moja, kama nitapita. Watu hunishikia milango, nami hushukuru na kupita. Haijawahi kunijia akilini kuuliza kama, nikishaingia, naweza kuufunga. Fundi anayetembea angeufunga mlango ule bila hata kufikiri, akaona kasoro papo hapo.

Alhamisi asubuhi nilimwendea meneja. Alisita, kwa kuwa mlango ni wa mwenye hoteli. Alimpigia simu, wakazungumza kwa muda, kisha akaniuliza kama kazi ile ingeharibu ukuta. Nilimwonyesha mchoro nilioufanya: ukuta hauguswi, tunahamisha bawaba tu. Akamwita fundi wa hoteli, aje na patasi na nyundo.

Tuliung'oa mlango. Ule ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye fremu kuuzuia, tuliutoa upande mmoja tukaupigilia upande wa pili. Fundi alichonga nafasi mpya za bawaba, mimi nikimpimia. Mzee aliombwa ashikilie mlango tukikaza skrubu, naye akapitisha vidole pembeni mwake.

"Chini kidole kinapita," alisema. "Juu hakipiti. Utakwaruza."

Nilipima. Alikuwa sahihi. Tukalegeza bawaba ya juu tukarekebisha.

Likabaki jambo moja. Mlango unaofungukia nje, mtu aliyeketi anauvutaje akiwa ameshaupa mgongo? Kwenye mfuko wangu wa kazi nilikuwa na tyubu kuukuu ya gurudumu. Nilikata kipande kirefu, nikakifunga kwenye mkono wa mlango, upande wa ndani. Niliingia kujaribu. Nilivuta ule mpira, mlango ukaja, nikasukuma komeo. Nilikaa mle dakika nzima bila sababu yoyote. Bafu la nyumbani kwangu pia lina pazia tu.

Mama aliingia kabla ya chakula cha mchana. Tulisikia komeo likigonga, kisha maji. Sisi wengine tulikaa kibarazani kulikoandaliwa meza, obusuma na ingokho, ugali na kuku, vikiwa tayari, na hakuna aliyegusa. Dirisha la bafu lilikuwa juu yetu. Ghafla kitu kizito kilianguka mle ndani, na maji yakanyamaza.

Nilianza kusukuma kiti kuelekea chumbani. Mzee alinyoosha mkono akashika gurudumu langu.

"Ameita?"

"Hajaita."

"Basi kaa."

Nilikaa. Sikumbuki kungoja kulikonichosha namna ile. Kisha maji yakaanza tena, na juu ya maji tukasikia mama akikisema kitu fulani kwa hasira ndogo, jinsi mtu anavyomsema mbuzi.

Alitokea akiwa amevaa nadhifu, kitambaa cha kichwa kikiwa kimekaa upande.

"Nimeangusha ndoo," alisema. "Na sabuni ikanitoroka chini ya benchi. Nimeifuata na kiti mpaka nimeishika."

"Sisi tumekufa njaa," mzee alisema. Mhudumu alikuwa amemwekea firigisi yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Aliisukuma sahani hadi kwa mama. "Kula hii."

"Mzee, kwetu mwanamke hali firigisi."

"Na kwetu mwanamke hacheleweshi chakula. Kula."

Akaila. Alipomaliza kunawa alipiga simu, na hakuondoka mezani ili azungumze.

"Nimeoga," alimwambia binti yake. "Hapana, peke yangu. Nimefunga na komeo." Akasikiliza. "Waambie chuo unakuja. Waambie leo, usingoje kesho." Akasikiliza tena. "Hilo bafu letu la mabati halina shida. Kuna fundi hapa atakuja kutuwekea mlango."

Akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja, akanigeukia.

"Utakuja Jumatatu?"

Nilisema nitakuja. Daftari lilikuwa tayari mapajani mwangu, nami nilianza kumuuliza: kiti chake kikiwa ndani, nyuma yake hubaki nafasi kiasi gani?